Bariadi: Nyumba Zilipovua Kofia

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kuta. Sisemi kuta za ndani, ambazo mwenye nyumba huzipamba apendavyo kwa kalenda na picha za harusi. Nasema ule ukuta mmoja unaotazama barabara, ambao mpita njia huuona kila siku kuliko hata mwenye mali. Huo nitauita uso wa nyumba.

Kilichonisukuma ni safari yangu ya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Katika mtaa mmoja wa maduka yuko mzee mmoja fundi cherehani ambaye nimemfahamu miaka mingi, akishona katika baraza ya duka lile lile. Safari hii sikuiona baraza, wala duka. Mahali pake limesimama jengo la ghorofa, uso wake mzima vioo vya bluu iliyokoza, na chini yake fremu za kupangisha zilizosogezwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Mzee nilimkuta ng'ambo ya barabara, cherehani yake imejibanza chini ya mwavuli wa wakala wa fedha za simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinua macho kutoka kwenye mshono. "Umekuja kuona mji? Uone vizuri. Zamani jua letu lilikuwa la juu tu. Siku hizi linatoka na ukutani."

Nilidhani ni utani wa wazee. Basi nikavuka barabara, nikasimama mbele ya lile jengo kwa dakika tano. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo jioni. Jengo linatazama magharibi. Jua lilinipiga kisogoni, na vioo vikanipiga usoni. Na si jua peke yake. Duka la simu lilikuwa limeweka spika mbili mlangoni, bodaboda zilikuwa zikinguruma, na gereji ya kuchomelea ilikuwa ikikata vyuma. Kila sauti niliisikia ikija, kisha nikaisikia ikirudi. Nikarudi kwa mzee nikiwa nimelowa jasho, naye akacheka bila kusema neno.

Sasa ndugu zangu, si haki kumtukana mwenye jengo lile. Amefuata walichofanya wenzake, nao walifuata waliowatangulia, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Ndiyo maana nimeona tuirudie historia, tuone uso wa nyumba za nchi hii ya Usukuma umebadilika vipi, na kila ulipobadilika nani alipata na nani alipoteza.

Tuanze na msonge. Nyumba ya asili ya Msukuma ilikuwa ya duara, kuta za miti iliyokandikwa udongo, na paa la nyasi lililochongoka juu kama pia iliyogeuzwa. Ukiutafuta uso wa nyumba ile hutauona. Upenu wake ulishuka chini kiasi kwamba mtu mzima aliinama ili aingie. Ukuta ulikaa kivulini tangu asubuhi mpaka jioni. Nyumba ilikuwa imevaa kofia pana, na kofia ndiyo iliyopokea jua.

Nyasi nazo zina siri yake. Katikati ya mabua kuna hewa nyingi iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mabua hayo hayo huimeza sauti. Mvua kubwa ya Machi ikinyesha juu ya msonge, aliye ndani husikia kama mtu anayepepeta mchele uani. Tena Wasukuma hawakuishi kwa kubanana. Kila mji ulikuwa katikati ya mashamba yake, umezungushiwa ua wa minyaa, na kutoka mji hadi mji kulikuwa na mwendo. Ngoma ikilia kwa jirani, ilifika imechoka.

Sitaki mnielewe vibaya. Msonge ulikuwa na giza, moshi na wadudu. Nyasi zilioza, na cheche moja tu ilitosha kuiteketeza nyumba. Juu ya hayo, ulihitaji miti mingi, na miti ya nchi hii ilipungua. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliongoza kazi kubwa ya kufyeka misitu ya Shinyanga na jirani zake ili kumfukuza mbung'o, na Shinyanga yenyewe ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Mbung'o alipungua, ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, lakini nguzo za nyumba zikawa adimu na kivuli cha njiani kikatoweka. (Kazi ya kuirudisha miti hiyo ilikuja kuanza kwa nguvu mwaka 1986, kwa mradi wa HASHI na ngitili zake, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga.) Anayetaka kuona umbo la duara lilivyothaminiwa hata baada ya hapo, na aende Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, alikojenga padri David Clement kutoka Kanada. Kanisa lake ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma.

Uso wa kwanza wa mjini, uso kwa maana ya ukuta ulionyooka ukatazama barabara, uliletwa na duka. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, na kwa njia hiyo vituo vya biashara vya Maswa, wilaya ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake, vikapata bidhaa. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Duka la Kihindi mnalijua, maana lilikuwa karibu moja kutoka Kigoma hadi Lamu: biashara mbele, familia nyuma, na mbele kabisa baraza yenye paa lililoshikwa na nguzo.

Baraza ile, ndugu wasikilizaji, ilifanya kazi nyingi kwa pamoja. Iliukinga ukuta na jua, hivyo vitambaa havikupauka rafuni. Ilimkinga mteja na mvua, hivyo hakukimbia kabla hajanunua. Ilimpa fundi cherehani mahali pa kazi: ukinunua kitambaa ndani, unapimwa nje, na kesho gauni liko tayari. Mwenye duka aliuza zaidi, fundi alipata riziki, na mwenda kwa miguu alipita mtaa mzima akiwa kivulini. Hata sauti ilipata mahali pa kupotelea. Makelele ya barabarani yalipokutana na nguzo, magunia, majora ya vitambaa na watu waliokaa, yalivunjika vunjika kabla ya kurudi.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Baraza ilijengwa katika kiwanja cha mtu binafsi kwa fedha zake, lakini kivuli chake kilikuwa cha umma. Hakuna aliyemwandikia risiti mpita njia.

Kisha likaja bati. Bati lenye mikunjo lilibuniwa Uingereza, ambako Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, alipewa hataza yake mwaka 1829. Kwa wakulima wa Usukuma lilikuja na fedha za pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mmoja wa viongozi wake akiwa marehemu Paul Bomani, na katika miaka iliyofuata mavuno ya pamba ya Kanda ya Ziwa yaliongezeka mara kadhaa. Mkulima aliyeuza pamba vizuri alinunua ng'ombe, baiskeli, na bati. Nyumba ikageuka kutoka duara kuwa pembe nne, maana bati halikubali kukunjwa likawa pia.

Bati lina haki yake, nami nakaa chini yake. Haliungui, halivuji likipigiliwa vizuri, linakinga maji ya mvua yakaingia pipani, na halihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Lakini likipigwa na jua la adhuhuri laweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi na kupita, na kama hakuna dari, joto hilo linashuka moja kwa moja kichwani pa mtu kama vile kaa la moto limeinuliwa juu. Nalo la zamani lenye kutu hupokea joto zaidi kuliko jipya linalong'aa. Mvua ikinyesha, kila aliyesoma chini ya bati anajua kilichofuata: mwalimu aliweka chaki chini, akakunja mikono, tukasubiri wote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba darasani makelele yasizidi desibeli 35. Chini ya bati tupu, mvua inapita hapo kabla haijawa mvua ya kulowesha nguo.

Kibaya zaidi, bati lilikuja na tabia ya ubahili. Nyasi ni za porini, hivyo upenu mrefu haukumgharimu mtu ila jasho. Bati linanunuliwa kwa kipande. Kila mtu akapima paa liishie pale ukuta unapoishia, upenu ukabaki shubiri mbili au chini yake. Kwa mara ya kwanza ukuta wa nyumba ya kawaida ukakaa juani kutwa nzima. Nyumba ilikuwa imevua kofia.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Mwaka 1977, katika kijitabu chake cha kupima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wametekwa na saruji na bati, akaiita hali hiyo ugonjwa wa kupooza kwa fikra, na saruji akaipa jina la udongo wa Kizungu. Alitaka tujenge kwa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wetu wenyewe. Alikuwa na hoja. Lakini lazima tuseme pia kwamba wakati ule ule, operesheni ya vijiji ilikuwa imekwisha kuwatoa watu katika miji yao iliyotawanyika na kuwapanga kwa mistari kandokando ya barabara. Nyumba ilielekea barabara, kama barabara ilitaka nyumba itazame magharibi basi ilitazame. Jua halikuulizwa. Serikali iliyotukanya juu ya bati ndiyo iliyotupangia uso.

Miaka hiyo ilikuwa na mengine. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wafanyabiashara wengi wa Kihindi wakaondoka nchini. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, saruji ikawa ya kutafutwa kwa kibali na kwa kujuana. Katika hali hiyo, nani angefikiria uso wa nyumba? Barabara zilizokuwapo zilibaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzibomoa baraza zake. Mara nyingine umaskini hutunza mambo kuliko sheria. Mzee Mwinyi alipofungua milango, bati, saruji, rangi na vioo vikajaa madukani, na kila mwenye fedha akapata ruksa ya uso aupendao.

Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157, na ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Bariadi iliyokuwa mji wa wilaya ikawa mji wa mkoa: ofisi, mabenki, nyumba za wageni. Barabara ya lami kutoka Lamadi ilizinduliwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata sherehe za kitaifa za Nanenane zikafanyika Nyakabindi. Wageni wakaja, kodi za pango zikapanda. Na kodi ilipopanda, baraza ikapata adui wa kweli.

Adui huyo ni hesabu. Kiwanja kina urefu wake. Ukiacha mita mbili mbele kwa ajili ya baraza, ni mita mbili zisizolipiwa pango. Ukizijaza, kila fremu inakuwa kubwa na bei inapanda. Mwenye jengo la bluu hakuichukia baraza, aliipigia hesabu tu. Kivuli ambacho wengine walikitumia bure hakikuwamo katika daftari lake, basi kilipoondoka hakuona hasara.

Na vioo je? Vioo ni heshima. Tumeviona Dar es Salaam, na Dar es Salaam imeviona Dubai. Kioo huruhusu mwanga wa jua upite, ukifika ndani unapasha meza na sakafu, na joto linalotoka mezani na sakafuni halipiti tena kwenye kioo kurudi nje. Ni mtego wa panya: kuingia kupo, kutoka hakuna. Mafundi wakalijibu hilo kwa kioo cha kurudisha jua, kile cha bluu au cha fedha kinachong'aa. Vyema kwa aliye ndani. Lakini jua lililorudishwa linakwenda wapi? Linakwenda kwa yule aliye chini ya mwavuli ng'ambo ya barabara.

Msidhani haya ni ya Bariadi tu. Mwaka 2013 huko London, nchi ambayo watu wake husubiri jua kama sisi tunavyosubiri mvua, jengo refu la 20 Fenchurch Street lilikuwa likimaliziwa. Uso wake wa vioo umepinda kwa ndani kama bakuli, na kwa siku kadhaa za kiangazi ulikusanya jua ukalimwaga sehemu moja ya barabara. Gari aina ya Jaguar lililoegeshwa pale liliyeyuka baadhi ya sehemu zake. Mwandishi wa habari mmoja akakaanga yai barabarani. Mwaka uliofuata wenyewe wakalazimika kufunga mbavu za kukinga jua mbele ya vioo. Yaani, baada ya gharama zote, walilivisha jengo kofia.

Wenzetu wa pwani walilijua jambo hilo zamani. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa baraza ghorofa kwa ghorofa, zimeshikwa na nguzo, ili ukuta usikutane na jua. Mji Mkongwe wenyewe una kuta nene za mawe na chokaa, na vichochoro vyembamba hivi kwamba nyumba moja humfunika mwenzake. Siwaambii watu wa Bariadi wajenge vichochoro, gari la pamba litapita wapi? Nasema tu kwamba Sultani aliyekuwa na fedha za kununua kioo chochote alinunua kivuli.

Hebu tuje kwenye jua la Bariadi lenyewe, maana kila mji una jua lake. Bariadi iko karibu nyuzi tatu tu kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kati ya mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba. Hata katika Juni na Desemba, linapokuwa mbali kabisa, adhuhuri halijainama sana. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini, wenye kimo cha mita tatu, unafunikwa wote adhuhuri kwa upenu wa mita moja na nusu, mwaka mzima. Ni rahisi. Kazi iko kwa ukuta wa mashariki na wa magharibi. Jioni jua likiwa limebakiza nyuzi 30 kufika upeo wa macho, upenu wa kuufunika ukuta huo huo ungehitaji kuzidi mita tano! Hapo upenu peke yake hautoshi. Panatakiwa baraza yenye matofali ya matundu, au mti, au madirisha madogo yenye vifuniko. Kitu kisichotakiwa hata kidogo ni kioo kutoka juu hadi chini.

(Nilitaja saa kumi na moja kasorobo. Saa zetu zimepimwa kwa mstari wa longitudo ya 45, ambao hauipiti kabisa Tanzania, uko mashariki baharini. Bariadi iko karibu na 34. Hivyo adhuhuri ya kweli ya Bariadi hufika saa saba kasorobo mchana, na joto la jioni nalo huchelewa. Mfanyakazi anayetoka ofisini saa tisa na nusu anakutana na jua ambalo kwa hesabu yake lenyewe bado ni mchana mbichi.)

Halafu kuna ukuta wenyewe. Joto halipiti ukutani mara moja, linasafiri. Ukuta wa udongo wenye unene wa futi moja hulichelewesha muda wa saa nane au zaidi. Ukuta wa tofali la saruji la inchi sita hulichelewesha muda wa saa nne hivi. Hesabuni: joto lililoupiga ukuta wa magharibi saa kumi na moja jioni linaingia chumbani saa tatu usiku, wakati unatandika kitanda. Wengi wetu tunadhani usiku wa siku hizi umekuwa wa moto. Ni jua la jioni linalobisha hodi kwa kuchelewa. Rangi nayo ina neno. Chokaa nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, robo tatu au zaidi. Rangi ya kahawia au nyekundu iliyokoza, ambayo inapendwa kwa sababu haionyeshi vumbi, hufanya kinyume.

Haya niliyapata mwilini usiku ule ule. Nililala nyumba moja ya wageni, jina silitaji. Chumba kilitazama magharibi, dirisha pana la kioo ambalo kipande chake kimoja tu ndicho kilichofunguka. Nilipolifunga nilipikwa. Nilipolifungua, muziki wa baa na bodaboda zikaingia kulala nami. Nikafunga, nikafungua, mpaka jogoo akawika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba joto na makelele ni ndugu wa tumbo moja. Huwezi kumfukuza mmoja kwa dirisha lile lile unalomkaribishia mwingine. Dirisha lililo wazi hupunguza sauti kwa desibeli 10 hadi 15 tu. Ili chumbani pawe na desibeli 30, ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ndizo za kulalia, barabara nje isizidi 45. Mwenye kiyoyozi atafunga dirisha na kulala, na mashine yake itatema joto nje, kwa asiye na kiyoyozi.

Na barabara haitulii kwa sababu uso wa majengo hauruhusu. Ukuta mgumu ulionyooka hurudisha karibu sauti yote. Anayesimama mbele yake husikia makelele yakiongezeka kwa kiasi cha desibeli 3, na desibeli 3 ni sawa na kuongeza spika ya pili kando ya ya kwanza. Zikitazamana kuta mbili za namna hiyo, sauti hupigwa danadana kati yao. Serikali ina kanuni za makelele za mwaka 2015, na NEMC huzitumia kuzifungia baa. Ni vyema. Lakini hakuna anayekuja kuupima ukuta. Nikiri hapa kwamba baraza nayo yaweza kukosewa: ukiiwekea dari ngumu ya zege, itachukua makelele ya barabarani na kuyatupa dirishani. Dari ya mbao zilizoachiana nafasi, mimea ya kutambaa, matofali ya matundu, hivyo ndivyo vinavyoivunja sauti.

Nimewasikia watu wakisema, mambo ya kivuli ni ya matajiri. Mimi naona kinyume. Tajiri ana gari, feni, kiyoyozi na kioo. Anayehitaji baraza ni mama muuza mboga, ni mwanafunzi anayetembea kutoka shule, ni mgonjwa anayesubiri usafiri, ni fundi wangu. Na Bariadi bado ina bahati ambayo Mwanza na Dar es Salaam hazina tena: sehemu kubwa ya mitaa yake haijajengwa. Kila mwenye kutaka fremu hupeleka ramani halmashauri na kuomba kibali. Katika ramani hiyo wanaangalia choo, wanaangalia mpaka wa barabara. Wangeweza pia kuuliza: baraza iko wapi? Na aliyeiacha, apunguziwe kitu katika ada, ili hesabu ya daftari ibadilike. Jengo la zege hukaa miaka 50. Tukikosea mwaka huu, mjukuu wa mzee yule naye atakaa juani.

Siku ya kuondoka nilimpitia kumuaga. Asubuhi ile alikuwa upande wa pili, chini ya lile lile jengo la bluu, kwa sababu hadi saa nne kivuli cha jengo huangukia barabarani. Alinionyesha chini. Kwa chaki yake ya kupimia nguo alikuwa amechora mistari kwenye saruji ya mtaro: hapa saa mbili, hapa saa tatu, hapa saa nne. Ukifika mstari wa tatu anabeba cherehani, anavuka kwenda kwenye mwavuli. Saa nane mwavuli hautoshi, anasogea chini ya mwembe wa stendi. Jioni anarudi tena. Mara nne kwa siku, na cherehani ya chuma ina uzito wake.

"Wateja wananitafuta," aliniambia. "Anakuja mtu na kitambaa, anauliza, fundi yuko wapi? Wanamjibu, tazama jua liko wapi, utamkuta upande wa pili."